Mpwa wangu anashtakiwa kuvunja ofisi siku ya maandamano. Akubali kosa ili yaishe?

Kwenu wenye safu,

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 20, nami ndiye niliyemlea tangu darasa la tatu. Siku ya maandamano alitoka nyumbani asubuhi na bendera na chupa ya maji. Jioni nikapigiwa simu kwamba yuko seli. Kortini yeye na wenzake wawili walisomewa mashtaka mawili: kuharibu mali, yaani vioo sita, kompyuta mbili na printa katika ofisi ya mwakilishi wadi wetu, vyote vikikadiriwa kuwa Sh480,000, na kushiriki ghasia. Alikanusha. Hakimu akampa dhamana ya Sh100,000 taslimu au bondi ya Sh300,000 na mdhamini mmoja. Laki moja hatuna, kwa hiyo bado yuko rumande. Kesi itatajwa baada ya wiki mbili.

Mpelelezi alinivuta kando akaniambia kijana asipobadilisha maneno yake, faili itaenda Nairobi igeuzwe kuwa ugaidi. Lakini akikubali makosa atapewa kifungo cha nje na arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ndugu zangu wote wanasema akubali. Yeye mwenyewe ananiambia alirusha mawe mawili dirishani, ndani hakuingia, kompyuta hakuziona hata kwa macho. Anaamini hakimu atamwelewa kwa sababu walikuwa wanapinga ushuru, hawakuenda kuiba.

Kuna video aliyoiweka TikTok siku hiyo. Binti yangu anajua nywila yake. Tuifute? Na je, niende kwa mheshimiwa nimwombe radhi na kumlipia vioo? Mdogo wake wa miaka 16 alikuwa naye pia, na nasikia anatafutwa. Nimempeleka kwa dada yangu.

Shangazi, Nakuru

JIBU

Shangazi, anza na lililo karibu. Mwambie kijana asibadilishe neno lake kortini mpaka wakili awe ameisoma hati ya mashtaka na taarifa za mashahidi. Video msiiguse. Kwa mheshimiwa usiende peke yako. Na hayo ya mawe mawili uliyotuandikia, usiyarudie kwa mtu mwingine isipokuwa wakili. Mazungumzo ya mteja na wakili wake yanalindwa na Sheria ya Ushahidi. Mazungumzo ya kijana na shangazi yake hayalindwi, na unaweza kuitwa kizimbani kuulizwa alikwambia nini.

Sasa hili la kupinga ushuru. Vijana wengi huingia kortini na imani hiyo, na huwaponza. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi kwamba sababu iliyomsukuma mtu kutenda haihesabiwi katika kuamua kama ana hatia, ila pale sheria yenyewe inaposema ihesabiwe. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha. Haki hiyo inamlinda aliyebeba bango. Jiwe likishamtoka mtu mkononi, kwa kitendo hicho hawezi tena kujifunika kwa kifungu cha 37, hata kama madai yake kuhusu ushuru yalikuwa ya haki tupu. Siasa zake zitasikilizwa baadaye, wakati wa kuomba adhabu nafuu, na hata hapo zinaweza kumgeukia: hakimu mmoja huona kijana aliyepandwa na hasira, mwingine huona aliyepanga.

Kwa hiyo jela yake, kama ipo, itapimwa kwa maneno yaliyo kwenye hati ya mashtaka. Chukua nakala yake kwa karani wa mahakama na utazame namba za vifungu. Kuharibu mali kwa kawaida ni kifungu cha 339(1) cha Kanuni ya Adhabu, na kikomo chake ni miaka 5. Kushiriki ghasia ni kifungu cha 80, kikomo miaka 2. Mkusanyiko haramu bila ghasia, kifungu cha 79, ni mwaka 1. Hivyo ni vikomo. Hakimu anaweza kushuka chini yake hadi faini au kifungo cha nje, na kwa mtu asiye na rekodi, kwa uharibifu wa kiasi hicho, kikomo hakifikiwi kirahisi.

Lakini angalia jinsi ngazi inavyopanda kwa kubadilisha neno moja. Watu walio katika ghasia wakiharibu jengo au mitambo, kifungu cha 86, ni miaka 7. Watu hao hao wakilibomoa jengo, au wakianza tu kulibomoa, kifungu cha 85, kikomo ni kifungo cha maisha. Moto ukiingia, kifungu cha 332, maisha vilevile. Na kujaribu kuchoma, kifungu cha 333, ni miaka 14, hata kama moto haukushika. Kuvunja ofisi, kuingia na kuiba ndani, kifungu cha 306, miaka 7. Kuna na mtego ambao vijana hawaujui kabisa: kupatikana na kiti, kompyuta au boksi la karatasi lililotoka ndani ya jengo lililovunjwa. Kupokea au kushika mali ya wizi, kifungu cha 322, ni hadi miaka 14. Aliyevunja dirisha kikomo chake ni miaka 5, na aliyeokota keyboard barabarani akaenda nayo nyumbani anakabiliwa na 14. Muulize kijana, kupitia wakili, kama kuna kitu chochote alichorudi nacho.

Hapo ndipo zile kompyuta mbili na printa zinapokuwa na uzito. Hati inasema ziliharibiwa. Zilipatikana ndani zimevunjika, au hazikupatikana? Kama zilitoweka, hazikuharibiwa bali ziliibwa, na mtu aliyesimama nje akirusha mawe ana hoja nzuri kwamba shtaka lake halilingani na ushahidi. Kama zilikuwa mezani zimepasuka, upande wa mashtaka utaleta picha za afisa wa eneo la tukio. Katiba, kifungu cha 50(2)(j), inampa mshtakiwa haki ya kuuona ushahidi huo mapema. Wakili aombe kwa maandishi taarifa zote za mashahidi, picha, orodha ya mali, na karatasi iliyozaa ile Sh480,000. Mara nyingi jumla kama hiyo ni makadirio ya mlalamishi mwenyewe, ambapo kompyuta ya miaka sita imehesabiwa kwa bei ya mpya iliyo kwenye kioo cha duka. Thamani si sehemu ya kosa. Hata kioo kimoja kinatosha kumtia mtu hatiani. Ila ndiyo inayopima adhabu na fidia, kwa hiyo usiiache ipite bila kuulizwa stakabadhi.

Kuna jambo jingine ambalo hati nyingi za namna hii hulikosea: mali ni ya nani? Ofisi nyingi za wawakilishi wadi ziko kwenye majengo ya kupanga. Kama na hiyo yenu ni hivyo, kioo cha dirisha ni cha mwenye nyumba, kompyuta ni za kaunti, na mheshimiwa mwenyewe hana hata kikombe chake mle ndani. Tazama jina la mwenye mali lililoandikwa kwenye hati, kisha umuulize jirani yeyote kodi ya chumba kile hulipwa kwa nani. Likiwa jina lisilo lake, upande wa mashtaka unaweza kuirekebisha hati kabla ya kufunga ushahidi wao, na kijana atasomewa upya. Kwa hiyo kosa hilo peke yake halimwokoi. Lakini linakuonyesha mtu wa kuongea naye, na tutamrudia huyo.

Tuje kwa mpelelezi na ugaidi wake. Tishio lake lina msingi kisheria. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 ni miongoni mwa sheria chache zinazoingiza lengo la kisiasa ndani ya kosa lenyewe: uharibifu mkubwa wa mali ukifanywa kwa nia ya kuwatisha wananchi au kuishurutisha serikali unaweza kuitwa kitendo cha ugaidi, na kifungu cha 4 kinaweka hadi miaka 30. Baada ya maandamano ya Juni 25, 2025, siku ambayo mahakama ya Kikuyu ilichomwa, vijana kadhaa walifikishwa mahakama ya Kahawa, inayosikiliza kesi za ugaidi, chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo usiambiwe na mtu kwamba haiwezekani.

Ila sheria hiyo hiyo imeweka uzio. Kitendo kinachovuruga huduma wakati wa maandamano au mgomo hakihesabiwi kuwa ugaidi mradi hakikukusudiwa kudhuru watu, kuhatarisha maisha na usalama, au kuleta uharibifu mkubwa wa mali. Vioo sita na kompyuta mbili kuviita uharibifu mkubwa uliokusudiwa kuishurutisha serikali ni mzigo mzito kwa kiongozi wa mashtaka yeyote. Na anayeamua shtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kwa kifungu cha 157 cha Katiba, kupitia maafisa wake. Mpelelezi hupendekeza tu. Akikwambia tena, mwambie kwa adabu aandike hilo kwenye faili, na wakili atazungumza na kiongozi wa mashtaka. Sisi tungeyachukulia maneno ya korido kwa uzito wa korido.

Kuna punje ya kweli katika alichosema, na si haki kukuficha: mtu akishahukumiwa kwa tendo fulani hawezi kushtakiwa tena kwa tendo hilo hilo. Kukubali leo kunaufunga mlango wa shtaka zito zaidi. Tatizo ni bei yake.

Tazama jinsi inavyokwenda. Siku ya kutajwa, kijana anasema anataka kubadilisha jibu. Karani anasoma shtaka la kwanza. Kijana anajibu "ni kweli." Hakimu anaandika. Kisha kiongozi wa mashtaka anasimama na kusoma maelezo ya tukio: kwamba watatu hao, wakiwa na nia moja, waliingia ofisini, wakavunja vioo sita, kompyuta mbili na printa, hasara ikawa Sh480,000. Hakimu anamuuliza: umesikia, ni sawa? Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu kijana amechoka na rumande, anataka kwenda nyumbani, na "ni sawa" ni maneno mawili tu. Akiyatamka amekubali na kompyuta. Akisema "vioo ndiyo, kompyuta sikuzigusa," hakimu anatakiwa aliandike shtaka kuwa limekanushwa na kesi iendelee. Utaratibu huo umekuwepo tangu uamuzi wa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, na mahakama za rufaa hufuta hukumu nyingi kwa sababu haukufuatwa. Lakini ukifuatwa vizuri, kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamzuia aliyekubali kosa kukata rufaa dhidi ya hatia. Atabaki na rufaa ya adhabu pekee, ndani ya siku 14.

Na kifungo cha nje si cha mpelelezi kutoa, wala si cha siku hiyo hiyo. Hakimu huagiza kwanza ripoti ya afisa wa probesheni, yaani anayesimamia vifungo vya nje. Afisa huja nyumbani, huongea nawe, na chifu, na mlalamishi, huuliza shule alikoishia na kama ana kazi. Kesi huahirishwa ili ripoti iandikwe, na kama hana dhamana anaisubiri akiwa rumande. Probesheni huwa kati ya miezi 6 na miaka 3. Huduma kwa jamii inawezekana pia, kwa sababu hakimu akiona kosa la miaka 5 linastahili miaka 3 au chini yake, anaweza kumtoa akafyeke nyasi za hospitali badala ya jela. Ripoti ikija mbaya, mpelelezi hutamwona tena koridoni.

Halafu kuna rekodi. Kijana wa miaka 20 atahitaji cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI kwa karibu kila kazi, ikiwemo ya ulinzi, udereva, na zile za Saudia na Qatar ambazo maajenti hawapokei faili bila cheti hicho. Hatia ikiandikwa, alama za vidole zitaileta juu, hata kama hakulala jela usiku mmoja.

Dhamana ndiyo ingetakiwa kukukosesha usingizi wiki hii, kwa sababu kijana aliye nje hashinikizwi kirahisi kukubali. Sh100,000 si jiwe. Kifungu cha 49(1)(h) cha Katiba kinataka masharti yawe ya kiasi. Wakili anaweza kumwomba hakimu yule yule ayapunguze, akiambatisha kiapo chako kinachoonyesha kipato cha nyumbani, idadi ya wanaokutegemea na kwamba kijana ana makao yanayojulikana. Akikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuipunguza kwa kifungu cha 123(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ombi hilo halihitaji kusubiri siku ya kutajwa.

Mkipata taslimu, lipa kwa utaratibu wa mahakama, usimpe mtu mkononi, na stakabadhi iandikwe jina la aliyetoa pesa. Ndiye atakayerudishiwa kesi ikiisha, hata kijana akipatikana na hatia, mradi alihudhuria kila siku aliyoitwa. Stakabadhi halisi ikipotea, kurudishiwa huwa safari ndefu. Iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Bondi ya Sh300,000 haihitaji pesa, inahitaji mali. Mdhamini aje na kitambulisho, picha za pasipoti, PIN ya KRA, barua ya chifu, na hatimiliki ya shamba au logbook ya gari, pamoja na ripoti ya thamani. Nyingi hukataliwa kwa sababu moja: hatimiliki ina jina la marehemu babu na urithi haukufanywa. Hiyo haitapita, hata kama ukoo mzima unajua shamba ni lenu. Logbook ya gari ambalo mkopo wake haujaisha nayo haitapita. Shamba la familia huhitaji ridhaa ya mke au mume wa mdhamini. Anza kutafuta mdhamini leo, maana kuthibitisha hati kwenye ofisi ya ardhi kunakula siku, na mpaka kukamilike kijana hatoki.

Video. Kufuta kitu unachojua kinaweza kuhitajika kama ushahidi ni kosa lenyewe, kifungu cha 116 cha Kanuni ya Adhabu, na binti yako ndiye atakayekuwa mshtakiwa. Tena haisaidii: yaliyowekwa TikTok siku ya maandamano yameshapakuliwa na watu usiowajua. Upande wa mashtaka ukiitaka kortini lazima ulete hati ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, inayoeleza nani aliinakili, kwa kifaa gani, na kwamba haikuguswa. Nyingi huanguka hapo kwa sababu aliyeinakili hajulikani. Na huenda ikawa upande wenu: kama inamwonyesha yuko barabarani wakati wengine wako ndani, faili halisi iliyo kwenye simu yake, yenye saa na dakika, ina thamani kuliko mashahidi watatu. Binti asiingie kwenye akaunti hiyo hata kusoma maoni. Simu, kama polisi hawajaichukua, ipelekwe kwa wakili ilivyo.

Kuhusu aliyowaambia polisi siku ya kukamatwa: kukiri kosa kwa mpelelezi wa kesi yenyewe hakupokelewi kama ungamo. Sheria inataka lichukuliwe na hakimu, au na afisa mwingine wa cheo asiyehusika na uchunguzi, mbele ya mtu aliyechaguliwa na mshtakiwa. Kama alitia sahihi karatasi yoyote, wakili aijue.

Lililobaki kuwa hatari kweli kwake ni kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu, nia ya pamoja. Watu wakikubaliana kufanya jambo haramu, kila mmoja hubeba tendo la mwenzake lililotokana na jambo hilo. Kuwepo kwenye umati hakutoshi kumtia mtu hatiani. Lakini kurusha mawe kwenye jengo lile lile wenzake wanaloingia si kuwepo tu, na kiongozi wa mashtaka atalisema hilo kwa sauti kubwa. Wakili mzuri atabishana kwamba nia ya waliokuwa nje iliishia kwenye vioo. Hatuwezi kukuahidi kwamba atashinda.

Ndiyo maana mazungumzo ya fidia yana maana, yakifanywa kwa njia yake. Kosa la 339(1) limeandikwa kuwa kosa dogo kisheria ingawa kikomo ni miaka 5, na kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho kwa makosa ya namna hiyo yanapohusu mtu binafsi. Kama vioo ni vya mwenye nyumba, huyo ndiye wa kuzungumza naye. Wakili amwandikie barua isiyo na kukiri kosa, aulize gharama halisi ya vioo sita kwa stakabadhi ya fundi, na mkikubaliana malipo yapitie kwa wakili au mahakamani. Ukienda mwenyewe na bahasha, kesho anaweza kusema ulimtisha au ulimhonga shahidi, na dhamana ikafutwa. Kompyuta za kaunti ni mali ya umma. Hizo hazipatanishwi sebuleni, hata mheshimiwa akikukaribisha chai.

Kwa hizo kuna makubaliano na upande wa mashtaka, vifungu vya 137A na kuendelea vya sheria hiyo ya mwenendo. Yanaandikwa, yanatiwa sahihi, na mwathiriwa hushirikishwa. Kijana anaweza kukubali kosa dogo zaidi, kwa mfano vioo pekee kwa thamani iliyothibitishwa, mashtaka mengine yakaondolewa na fidia ikalipwa kwa awamu. Hakimu hafungwi kuhusu adhabu, lakini maelezo yatakayosomwa yatakuwa yale mliyokubaliana. Linganisha na ofa ya koridoni: zote mbili zinaishia kwenye kukubali kosa, ila kwa moja kijana anabeba dirisha na kwa nyingine anabeba ofisi nzima.

Mdogo wake usiendelee kumficha. Kumsaidia anayetafutwa akwepe kunaweza kukugeuza msaidizi baada ya kosa, na hakimu atakayepima dhamana ya kaka yake atalisikia. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto wa miaka 16 hawekwi seli na watu wazima wala hafungwi jela, na makosa kama haya yanaweza kumalizwa nje ya kesi kwa mpango wa kumwelekeza upya, akisimamiwa na mzazi. Mpeleke mwenyewe na wakili, na cheti cha kuzaliwa mkononi. Bila cheti, kijana mrefu huandikwa miaka 19 bila kuulizwa.

Wakili wa kulipa kama hakuna, nenda ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au uliza tawi la Chama cha Mawakili, LSK, kuhusu wanaojitolea kwa kesi za maandamano. Yeyote anayejiita wakili nje ya lango la mahakama, tafuta jina lake kwanza kwenye orodha ya LSK.

Wasomaji wa Tanzania, msizihamishe namba hizi. Kwenu kuharibu mali kwa makusudi kuna kikomo cha miaka 7, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 mamia walishtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana na lenye adhabu ya kifo. Kesi ya namna hiyo inahitaji jibu lake.

Siku ya kutajwa, Shangazi, fika mapema na nakala ya hati ya mashtaka, karatasi za mdhamini na barua ya wakili ya kuomba taarifa za mashahidi, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kijana akiulizwa kama kuna mabadiliko ya jibu, aseme hapana, kisha amwachie wakili.